Chachu ya Aline Niliyoiua kwa Sabuni

Jumatatu, saa kumi jioni. Joto. Mvua imekataa tangu Jumatano, na vumbi la Kimanga, mtaa wetu, limefunika hata majani ya mgomba wangu mmoja. Ziwa limetulia kama halihusiki. Huko milimani milio ya mabomu ilianza kabla jua halijatoka, ikanyamaza saa tatu, sasa imerudi, mmoja mmoja, kila mmoja ukikufanya usubiri unaofuata.

Mikono yangu inanuka chumvi na sukari iliyochacha. Naandika hivyo hivyo. Mtandao ukikaa nitaweka haya hapa. Usipokaa, nitakuwa nimejiandikia mwenyewe.

Nianze na lililo baya.

Alhamisi niliua chachu ya mjukuu wangu.

Wanaonisoma siku nyingi wananijua: mzaliwa wa Lubarika, miaka kumi na tisa katika maabara ya kiwanda cha sukari huko bondeni, kazi yangu kuangalia chachu inayogeuza masalia ya miwa kuwa spiriti. Tangu vita ya kwanza nimehama mara nne. Kila nilipofika watu waliniita jina lile lile, Mama Labo, hata pale ambapo labo yangu ilikuwa sufuria moja na kijiko.

Aline ni mtoto wa binti yangu. Anasomea biolojia Bukavu, na mada yake ni jinsi seli ya chachu inavyojenga ukuta wake. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka kwa raha. Niliishi na chachu miaka yote ile nikijua inakula nini, inatoa nini na inakufa lini, lakini sikuwahi kujiuliza inajuaje kwamba ukuta wake umechoka.

Nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa nilichofanya.

Seli ya chachu ni kifuko kidogo chenye maji mazito, kimefungwa ndani ya ukuta. Ukuta huo ni minyororo ya sukari iliyosukwa, nje yake protini zilizovishwa sukari, na humo ndani kidogo ya kile kinachofanya ganda la panzi kuwa gumu, kinaitwa kitini. Maji ya nje yanataka kuingia kila wakati. Ukuta ukilegea, seli inapasuka. Ndiyo maana chachu nzima haipumziki: ukuta ukivutika, protini zilizo kwenye ngozi ya seli zinahisi, zinampasha mwenzao habari, naye anampasha mwingine, mpaka habari inafika kwenye kiini, na jeni za kutengeneza ukuta zinaanza kazi.

Aline alichukua chachu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaianika chini ya taa ya mwanga unaoharibu jeni ovyo. Kisha alikaa miezi akitafuta, kati ya vikundi vingi vilivyoota, kile kisichoweza kuishi kwenye joto bila chumvi. Chumvi ikiwa nyingi katika maji ya nje, maji hayaingii kwa pupa, na hata mwenye ukuta mbovu anapona. Alipata kikundi kimoja. Kimoja tu.

Yeye anaamini ukuta wa chachu hiyo si mbaya. Matofali yapo, na jeni za kuyafyatua zipo. Jeni iliyoharibika ni ya mmoja wa wapeleka habari. Ukuta unachanika na kiini hakiambiwi. Lakini ni jeni ipi, hajui bado. Ili ajue lazima aikutanishe na chachu nzima, wazae, aangalie watoto wanarithi vipi.

Na wafu hawazai.

Vita ilipofika Bukavu, umeme wa maabara ulikatika na friji zikayeyuka. Aline alishuka hadi hapa na chupa mbili ndani ya thermosi, moja ameandika NZIMA, nyingine DHAIFU. Halafu vita ikamfuata. Wiki tatu zilizopita, watu walipokimbilia mpakani Kavimvira kwa pamoja, alivuka kwenda Bujumbura na mtoto wake wa miezi minne mgongoni. Siku hiyo kwenye kizuizi askari walikuwa wanamwaga kila chupa wanayoiona. Alisimama hapa mlangoni, mtoto analia, akaniwekea thermosi mikononi.

"Bibi, nitunzie. Wiki moja tu. Ile dhaifu usiinyime chumvi."

Vijiko vitano vya chai kwa lita, vimesawazishwa kwa kisu. Supu ya viazi iliyochujwa, sukari, na chupa kulazwa ubavuni mwa mtungi wa maji, mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba hii ya mabati. Kila siku ya nne nahamisha kidogo kwenye chupa mpya. Nilifanya hivyo kwa furaha ambayo naona haya kuitaja, watu wakiwa wanakufa. Nilikuwa nimepata kazi tena.

Sasa Alhamisi.

Mabomba yamekauka. Maji tunachota ziwani, na kila ndoo inapanda huku kwa mgongo wa mtu. Kipindupindu nacho kimerudi. Sisi tuliokaa kambini tunajua la kufanya: kila chombo kinaoshwa kwa sabuni ya unga, kwa nguvu, na maji ya kusuuza hayamwagwi. Beseni moja linasuuza sahani zote, kisha linafua nguo za mtoto, kisha linasafisha sakafu. Mikono yangu imefanya hivyo miaka mingi bila kuniuliza.

Nikaosha chupa za Aline kwa sabuni ya unga, ile yenye chembe za bluu inayong'arisha mashati meupe. Nikazisuuza zote katika beseni moja, mara moja. Nikazichemsha, nikaona nimemaliza.

Kiwandani niliwafundisha wasichana kusuuza mara saba. Mara saba, na ya mwisho kwa maji safi kabisa. Niliwahi kumfukuza mmoja siku nzima kwa sababu alisuuza mara nne. Nilimkumbuka Ijumaa asubuhi, jina lake na jinsi alivyolia.

Maana Ijumaa asubuhi chupa ya NZIMA ilikuwa inachemka povu kama kawaida yake. Ya DHAIFU ilikuwa kimya. Maji yake yalikuwa yameanza kuwa angavu juu, na chini tope jeupe limelala. Jumamosi vilevile. Nilinusa. Nilionja kwa ncha ya ulimi. Sukari yote ilikuwa bado pale, haijaguswa.

Na chupa ya zamani sikuibakiza. Chupa ni chache. Niliimwaga ili niioshe.

Aliniachia wiki moja, nikamaliza karibu tatu, kisha nikaiua kwa usafi.

Jumamosi hiyo hiyo mtandao ulirudi na ujumbe wake ukaingia. Profesa mmoja huko ng'ambo amempa meza katika maabara. Mpaka utafunguliwa Jumatatu kwa saa chache, kwa wafanyabiashara wadogo. Vumilia, yule anayevusha ndagala, dagaa wa ziwa letu, atapita kwangu saa nne. Nimpe chupa zote mbili. Baada ya Jumatatu hakuna anayejua.

Nilikaa na simu mkononi. Hili la pili ndilo ninaloona uzito kuliandika.

Nilifikiria kumimina NZIMA katika chupa zote mbili.

Ni ndugu, wale. Rangi moja, harufu moja. Wametofautiana jeni moja tu, na jeni haionekani kwa macho ya walinzi wala ya Vumilia. Aline angefika huko maabara, angejaribu bila chumvi, angeona chachu inaota vizuri, angesema labda imejiponya njiani, hutokea. Angehuzunika. Asingenichukia. Nilitoa hata kizibo, na faneli nilishaiweka mdomoni mwa chupa.

Kilichonizuia si wema. Niliona maandishi yake, ile D aliyoizungusha mara mbili kwa kalamu. Mtu anayezungusha herufi mara mbili anaamini kwamba chupa itasema kweli.

Niliondoa faneli. Ndipo nikamkumbuka mama.

Mama alipika kasiksi Lubarika maisha yake yote. Kabla mtu hajaonja, alichota povu na mashapo kwa kibuyu kidogo akapeleka kwa jirani, na jirani akipika alileta kwetu. Haikuwa zawadi. Kila mmoja alimtunzia mwenzake mbegu ya pombe, ili chungu kikiharibika upande mmoja ujue pa kwenda kuomba. Tulipokimbia mara ya kwanza mama aliacha pombe ikiwa bado katika mtumbwi wa kuchachushia. Mwaka uliofuata, kambini ng'ambo ya mto Ruzizi, alikutana na mwanamke aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hawakusalimiana kwanza. Mwanamke aliingia hemani akatoka na kitambaa kilichokauka, chenye pumba za mtama zilizonyweshwa mashapo ya mama. "Yako," alisema.

Kesho yake baada ya Aline kuondoka, nami nilimimina kidogo cha DHAIFU katika kopo la maziwa ya unga nikampelekea Mama Neema, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Sikufikiri sana, ni mwili uliokumbuka. Lakini wiki iliyofuata Mama Neema alikimbilia Kalundu kwa dada yake, akafunga nyumba, nami nikalihesabu kopo miongoni mwa vilivyopotea.

Jumapili asubuhi nilisikia mafuta yanalia upande wa pili wa ukuta. Mama Neema alikuwa amerudi jana yake jioni na tayari anakaanga mandazi.

Nilikwenda bila kanga ya pili.

"Mama Labo! Weye, nani amekufa?"

"Kopo langu."

"Kopo gani?"

"La maziwa. Nililokuletea."

Aligeuza mandazi kwanza. Huyu mwanamke hata bomu likianguka atageuza kwanza. "Lile lenye chumvi? Minye niliona iko chumvi-chumvi, nikasema mama huyu ameniletea maji ya samaki."

"Umelimwaga?"

"Kitu cha jirani ninamwaga? Iko kule chini ya mtungi, tangu siku ile. Hata nikienda Kalundu sikulitosha mahali pake."

Nilipiga magoti palepale. Lilikuwepo. Nilipofungua, lilitoa pumzi kidogo. Nilikuwa karibu kulia, ndipo nikaona kijiko ndani yake.

"Kijiko hiki kimetoka wapi?"

"Cha levire. Jana nimekoroga levire ya mandazi, nikaona na hii imelala, nikasema nikoroge na yako isisikie wivu."

Levire ni hamira ya dukani. Chachu nzima, yenye nguvu, yenye ukuta na wapeleka habari wake wote. Kijiko kimoja kinabeba seli zisizohesabika.

Sikumgombeza. Alikuwa amenitunzia kopo vitani. Lakini sasa nilikuwa na kopo linalopumua, na sikujua ni nani anayepumua ndani yake.

Njia ya kujua ni moja. Chukua chupa mbili safi, zilizosuuzwa mara saba kwa ndoo nzima ya maji ya ziwani yaliyochemshwa, na mtu akisema naharibu maji aseme. Mimina supu ile ile na sukari ile ile. Moja tia chumvi, nyingine usitie. Katika kila moja weka tone kutoka kopo la Mama Neema. Weka zote karibu na mbabula, jiko la makaa, joto liwe la kwapani. Kama ndani kuna hamira, zitachemka zote mbili, maana hamira haijali. Kama ni DHAIFU peke yake, yenye chumvi itachemka, na ile nyingine itapasuka mpaka seli ya mwisho.

Ili nijue kwamba iko hai, ilinibidi niitume sehemu yake kufa.

Kilikosekana kitu kimoja: cha kufunika midomo ya chupa kitakachovimba, nione pumzi bila kufungua. Nilikwenda kituo cha afya nikaomba kapoti, yaani kondomu, mbili. Muuguzi, mtoto niliyemwona akizaliwa, alinipa tatu akiangalia dari. Mama Neema alikuwa kwenye foleni ya dawa ya watoto.

"Mama Labo! Na vita hii!"

"Ni za chupa."

"Chupa! Nayo inaitwa jina gani, hiyo chupa? Inatokea Kavimvira ao Kalundu?"

Foleni nzima ilicheka, wanawake wenye watoto wa homa, na mzee mwenye bandeji, naye akajishika ubavu. Nilicheka pia. Kisha mlio mkubwa ukaja kutoka milimani, karibu kuliko wa jana, na kila mtu akarudi mahali pake kwenye foleni.

Kutwa nzima ya Jumapili nilikaa na chupa zile. Hadi jioni hakuna iliyofanya kitu. Nilifunika makaa kwa majivu yasiwake wala yasizime.

Leo nimeamka, nikanawa uso kwanza. Nilitaka macho yangu yawe safi.

Chupa yenye chumvi: mpira umesimama, umejaa, umekaza kama shavu la mpiga tarumbeta.

Chupa isiyo na chumvi: mpira umelala ubavuni mwa chupa, mtupu.

Sikuamini haraka, kazi ile ilinifundisha kutoamini haraka. Nilisubiri saa moja, nikasubiri ya pili, milio ikiendelea. Saa tatu milio ikakoma, na mpira ule bado umelala. Ukimya wa chupa ile ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyosikia wiki hii. Kile kijiko, sijui kwa nini hakikuingiza hamira kwenye kopo. Labda Mama Neema alikifuta kwa kanga, labda levire yake ilikuwa imezeeka kama mimi.

Vumilia alikuja saa nne kasoro, ndagala kichwani. Nilikuwa nimeandika karatasi mbili na kuzifunga kwa uzi shingoni mwa chupa mbili. Ya kwanza: NZIMA. Ya pili: HII NI DHAIFU ILIYOKUWA KWA MAMA NEEMA. ULIYONIACHIA MIMI NILIIUA ALHAMISI KWA SABUNI YA UNGA. HII IMEKATAA MAJI BILA CHUMVI, NIMEIPIMA. IPIME TENA MWENYEWE.

Vumilia, asiyependa siri, alisoma kwa sauti.

"Mama, si ungeandika tu 'dhaifu'? Mutoto hangejua."

"Ndiyo maana nimeandika."

Alizitumbukiza chupa katikati ya ndagala, chini kabisa, akasema hakuna askari anayependa kunuka mkono kutwa. Nilimsindikiza hadi barabarani na kumwangalia akielekea Kavimvira mpaka kapu lake likapotea kati ya makapu.

Kisha nikasubiri. Nimehama mara nne na sijawahi kusubiri hivi.

Saa tisa na robo simu ikalia.

"Bibi. Imefika. Zote mbili."

Nilibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Nimesoma karatasi." Nilisikia mtoto wake akicheza na kitu cha bati. "Sabuni gani?"

"Aline, mwanangu, nisamehe. Nilisuuza mara moja, maji..."

"Bibi. Sabuni gani?"

Nikamwambia. Ya unga, yenye chembe za bluu, ya kung'arisha mashati.

"Na NZIMA uliiweka katika chupa za sabuni hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Ikapona?"

"Ikapona. Kesho yake ilikuwa inatoa povu."

Akaanza kucheka, cheko la mtu asiyelala vizuri. Akanieleza kwa haraka, salio likienda. Ile rangi ya kung'arisha nguo inashika kitini kwenye ukuta wa chachu. Maabara hutumia rangi iliyo ndugu yake kupima nani ana ukuta mbovu: mzima anavumilia, mbovu anakufa. Ameitafuta dawa hiyo tangu mwaka jana, haikufika kwa sababu ya vita, na haikumjia hata siku moja kwamba iko katika beseni la bibi yake.

"Huwezi kuandika hivyo kwenye mada," nilisema. "Pengine sabuni yenyewe ndiyo iliyoua, si rangi. Sikupima kiasi. Sikuwa na chupa ya kulinganisha."

"Najua. Nitapima upya kama inavyotakiwa. Lakini sasa najua pa kuanzia." Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile ya mlangoni. "Bibi, usioshe tena vyombo vyangu."

"Sitaosha."

"Na wewe unavuka lini?"

Laini ikakatika kabla sijajibu, au nilichelewa kujibu mpaka ikakatika. Sina hakika, na hapa najitahidi kuandika kweli.

Kopo la maziwa bado lilikuwa na kiasi. Nililiongezea supu na chumvi, vijiko kwa kisu, nikalirudisha kwa Mama Neema. Safari hii nilimweleza ni nini, ukuta na wapeleka habari na yote. Alisikiliza hadi mwisho akiwa anachekecha unga.

"Kwa hiyo hii kitu nyumba inaanguka na haiambiwi."

"Ndiyo."

"Na dawa yake iko chumvi."

"Si dawa. Inaisaidia tu kungoja."

Akalichukua, akalirudisha chini ya mtungi, mahali pale pale, akasukuma kijiko cha levire mbali kwa mguu.

Milio imekaribia tena wakati naandika. Begi langu liko mlangoni tangu juzi, limefungwa. Kesho asubuhi nitaamua kama nalibeba hadi Kavimvira au nalifungua. Kama nikilibeba, nitapita kwanza kwa jirani.